Kidonge cha kabla ya mechi hakitibu goti

Pamba ikishauzwa Simiyu, mpira unaanza. Ukipita Migato, kule Itilima, au ukishuka Bariadi mjini, jioni hukosi mechi ya mchangani. Zawadi ni mbuzi au ng'ombe, mashabiki wamesogea hadi kwenye mstari, na beki wa kati kafunga goti kwa kitambaa kwa sababu liliumia wiki iliyopita. Wakati wenzake wanapasha, mtu anamletea vidonge viwili na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Anameza, anashushia. Kipindi cha kwanza hakijaisha anaruka vichwa kama hajawahi kuumia maisha yake yote.

Pembeni utasikia: "Dawa imemkubali huyo!" Hebu tuangalie imemfanya nini hasa.

Seli za mwili wako zina vipokezi. Kipokezi ni kama kiti chenye mwenyewe. Kemikali ya mwili inakuja, inakaa kwenye kiti chake, na seli inapata agizo: moyo kaza mwendo, njia za hewa tanukeni, goti linauma, simama. Dawa nyingi tunazozijua zinafanya kazi kwa kuwahi kiti. Nyingine zikikaa zinatoa agizo lile lile la mwenye kiti, tena kwa sauti kubwa. Nyingine hazitoi agizo lolote, zinakaa tu kama beki aliyeweka mwili kati ya mpira na mshambuliaji, mwenye kiti asipate nafasi.

Watu wa Simiyu wanaweza kuwa wameliona hili bila kulijua. Baadhi ya dawa za wadudu zinazopulizwa kwenye pamba huzuia mwili kufagia kemikali moja ya mishipa ya fahamu, basi viti vyake vinakaliwa bila kupumzika: mate yanatoka, machozi, kifua kinabana. Hospitalini wanachoma atropini. Haiifuti sumu, inawahi viti.

Turudi kwa beki wetu. Kwenye lile kopo kuna kafeini. Kadiri unavyofanya kazi, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo, inakaa kwenye vipokezi vyake, ndipo unahisi uchovu. Kafeini inawahi viti hivyo. Uchovu upo pale pale, habari yake ndiyo haifiki. Kafeini haijakatazwa michezoni, iliondolewa kwenye orodha mwaka 2004, ingawa wakubwa bado wanaifuatilia.

Vidonge ndiyo kesi yenyewe. Kama ni paracetamol, ibuprofen au diklofenaki, hakuna atakayemfungia. Kama ni tramadol, hapo tuongee. Tramadol inakaa kwenye vipokezi vilevile vinavyokaliwa na mofini na heroini, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kano iliyochanika inaendelea kuchanika, ila goti linapiga simu na laini imekatwa. Ukiizidisha, inaleta degedege na inaweza kusimamisha pumzi. Ukiizoea, mwili unadai zaidi ili upate kile kile cha jana, na huo ni mlango uleule waliopitia vijana wanaokunywa methadone Muhimbili, kliniki iliyofunguliwa mwaka 2011.

Tangu Januari 1, 2024, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, WADA, limeipiga marufuku tramadol siku ya mashindano. Na siku ya mashindano kwao inaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi. Mwendesha baiskeli wa Colombia, Nairo Quintana, aliipata fresh mwaka 2022: alimaliza wa sita Tour de France, tramadol ikaonekana kwenye damu yake, nafasi ya sita ikafutwa. Hiyo ilikuwa sheria ya baiskeli peke yake. Sasa ni ya michezo yote, soka ikiwemo.

Utasema Migato nani anapima mkojo? Kweli, hakuna. Lakini Tanzania, Kenya na Uganda ndizo zilizopewa Afcon 2027, na wachezaji wetu wengi wametoka mchangani. Kijana anapandishwa timu ya ligi akiwa na tabia zake zote mfukoni, na sheria haiulizi ulidhamiria au hukudhamiria. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Kolo Touré alifungiwa miezi sita mwaka 2011 kwa vidonge vya mkewe vya kupunguza mwili. André Onana, mwaka 2021, alisema alikosea akameza dawa ya mkewe. Alipewa miezi 12, rufaa ikaipunguza hadi tisa.

Wapo pia walioonewa, tusifiche. Mamadou Sakho wa Liverpool alikutwa na higenamini mwaka 2016, akakosa fainali ya Europa dhidi ya Sevilla na Euro ya nyumbani kwao Ufaransa. UEFA baadaye wakafuta kesi, na mwaka 2020 WADA wakaomba radhi na kulipa fidia. Ugomvi wote ulikuwa juu ya kipokezi kimoja: je, higenamini inakalia kile kinachotanua njia za hewa?

Ndicho kinachokaliwa na salbutamol ya wagonjwa wa pumu. Hapa wachezaji wenye pumu wasikilize, maana hawana kosa lolote. Ile ya kuvuta inaruhusiwa, mikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kuzidi 600 ndani ya saa nane. Kwa kichupa cha kawaida cha mikrogramu 100 kila ukibonyeza, hiyo ni mara sita kwa saa nane. Vidonge na dawa ya maji ya salbutamol, vilivyojaa madukani, ni marufuku bila kibali cha matibabu. Daktari wa timu anapaswa kuwaambia hilo siku ya usajili, siyo siku ya kupimwa.

Timu ya mchangani haina daktari. Ina kocha, ina mtu wa maji, na ina duka la dawa muhimu pale senta ambako tramadol haikutakiwa kuuzwa kabisa bila cheti. Kocha anataka ng'ombe. Beki anataka kuonekana, huenda kuna mtu wa timu kubwa kwenye umati. Mechi inaisha saa 12, wanashangilia, wanagawana. Mnamo saa nne usiku kidonge kinaanza kuachia viti, na habari zote za goti zinafika kwa mkupuo, beki akiwa peke yake ndani.