Anayeomba Kura Aombe kwa Kiswahili

Msimu wa uchaguzi wa vyama vya wanafunzi ukifika katika vyuo vikuu vyetu, mabango hujaa kutani na ahadi hujaa hewani. Serikali za wanafunzi zimeandikiwa mengi, nami sitaziongeza. Nataka kukitazama chama kidogo ambacho sisi wapenzi wa lugha hatukijali: chama cha uhusiano wa kimataifa, kinachowakusanya wasomao diplomasia, siasa na sheria, kikaandaa midahalo na mikutano ya kuigiza Umoja wa Mataifa. Atakaye kukiongoza hulazimika, kwa kanuni au kwa mazoea tu, kunadi sera zake kwa Kiingereza. Hoja yangu ni hii: mikutano ya kuigiza na iendeshwe kwa lugha yoyote ifaayo mazoezi, lakini kura ya kumpata kiongozi iombwe kwa Kiswahili.

Nianze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo nyumbani petu. Mmarekani akiutaka uongozi husema anakimbia, Mwingereza husema anasimama, Mswahili hugombea. Kitenzi hiki kimenyambuliwa kutoka gomba, na kugomba ni kukaripia, ni kuzozana. Lakini lugha haikuishia hapo. Ikatupa na kitenzi cha pili, kuomba kura, chenye kuinamisha kichwa. Mtu ni mmoja, vitenzi ni viwili: kwa mpinzani wake anagombea, kwa mpiga kura anaomba. Na kura yenyewe ilitufikia kutoka Kiarabu ikiwa na maana ya kubahatisha. Hata leo watoto hupiga kura ili wajue nani aanze mchezo. Basi kila ampaye mtu kura anabahatisha, na aombaye anapaswa kumpunguzia mwenzake hasara ya bahati hiyo kwa kusema maneno yanayoshikika.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina msamiati wa diplomasia. Na watazame: balozi limetoka Kituruki, serikali Kiajemi, mkataba Kiarabu, bendera Kireno. Lililo zuri kupita yote ni kura ya turufu. Turufu ni karata ishindayo karata nyingine, neno tuliloachiwa na Wareno. Kura tumelipata kwa Waarabu. Tukayafunga maneno hayo mawili kwa kiunganishi chetu cha Kibantu, likazaliwa jina linalofundisha peke yake. Mezani mwa Baraza la Usalama wote kumi na watano wana karata, ila watano tu ndio wenye turufu.

Uchungu wa neno hilo tuliuonja mwaka 1981. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, aliyepelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, na aliyeongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1979, aligombea Ukatibu Mkuu wa umoja huo. Katika mzunguko wa kwanza alipata kura 11, na Kurt Waldheim aliyekuwa akikitetea kiti chake akapata 10. Marekani ikamwangushia Salim turufu. China ikamwangushia Waldheim. Ikawa hivyo mzunguko baada ya mzunguko, hata wote wawili wakakaa kando, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachaguliwa. Salim naye alikuwa amepitia uongozi wa wanafunzi Zanzibar kabla ya kuyafikia hayo yote. Mwanafunzi awezaye kulisimulia tukio hili kwa Kiswahili, bila kutafuta pa kujishikiza, amelielewa.

Nayaandika haya nikiwa Pongwe, kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Muheza. Sisi wa hapa hatukukingoja chuo kikuu kije kutufundisha uhusiano wa kimataifa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, enzi ya Wajerumani, ilipita hapa ikielekea bara. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikanusurika 62 tu. Na kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyowavuta vibarua kutoka Msumbiji, Burundi na pembe nyingi za Tanganyika. Makambini, Mmakonde, Mrundi na Mbondei walipatana, wakagombana, wakaoana na kudai ujira wao kwa Kiswahili. Leo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linatandazwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kaskazini ya jiji letu. Mkulima aliyepitiwa na bomba hilo huuliza habari ya fidia kwa Kiswahili. Kesho atakayemjibu huenda akawa ndiye huyu anayeomba uongozi wa chama chuoni leo.

Mwaka huu binti mmoja wa hapa Pongwe, aliye mwaka wa tatu, ameamua kugombea uenyekiti wa chama kama hicho. Alinijia na karatasi ya sera zake, akanisalimu, “Shikamoo, mjomba,” akaomba nimtazamie maneno. Ilikuwa na ahadi tano, zote kwa Kiingereza safi. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili. Ya kwanza ikawa “kuimarisha ushirikishwaji wa wadau”. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mwenyewe, “Wadau gani hasa, mjomba?” Ya pili na ya tatu nazo hazikupona. Zikabaki mbili. Moja yasema: matumizi ya ada ya uanachama yabandikwe ubaoni kila muhula. Ya pili yasema: nafasi za kwenda kwenye mikutano nje ya nchi zitolewe kwa usaili ulio wazi, wala si kwa kujuana. Hizo mbili ndizo zilizomfanya agombee tangu awali. Zile tatu zilikuwa mapambo.

Tukakaa barazani tukazifunga ahadi hizo kwa ubeti mmoja, autumie kufungia hotuba:

Kura naomba wenzangu, kwa lugha ya masikani,
Ahadi hii ni yangu, naitoa hadharani,
Nikivunja neno langu, nitoeni barazani,
Sina neno la kizungu, kuficha ya kifuani.

Alipowaarifu wasimamizi wa uchaguzi kwamba atahutubia kwa Kiswahili, aliambiwa atajipunguzia heshima. Akaiomba katiba ya chama, akaisoma mwanzo hadi mwisho, asione kifungu chochote kinachotaja lugha. Kumbe ukuta ule haukujengwa na mtu. Umeota wenyewe kwa mazoea. Ninapoandika, uchaguzi bado haujafanyika, naye ameshikilia azma yake.

Msomaji aweza kuuliza, je, tutawafungia vijana mlango wa dunia? La hasha. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na Kiswahili hakimo; atakaye kufanya kazi New York au Geneva budi ajifunze Kiingereza au Kifaransa barabara. Kwa hiyo sipingi kikao cha kuigiza kiendeshwe kwa Kiingereza. Lakini kuomba kura si maigizo. Ni ahadi baina ya watu wanaokaa bweni moja, wanaokula mgahawa mmoja na wanaochanga ada moja. Ahadi hutolewa kwa lugha ambayo aliyeahidiwa anaweza kumshika nayo aliyeahidi.

Lipo na jambo la haki. Mtoto wa Pongwe husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na Kiingereza kwa ghafla. Mwenzake aliyelipiwa shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu utotoni huja chuoni ulimi wake umekwisha kunolewa. Wakishindanishwa kwa hotuba ya Kiingereza, wapiga kura hawamchagui kiongozi, wanaichagua shule aliyotoka. Mwenye hoja aketi, mwenye lafudhi ashike usukani!

Historia yetu nayo ina la kusema. Mwaka 1967, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoka nchi mbalimbali waliunda chama cha kimapinduzi cha Afrika, kilichofahamika kwa kifupi chake USARF, mwenyekiti wao akiwa Yoweri Museveni. Hicho kilikuwa chama cha uhusiano wa kimataifa kwa vitendo, chenye kuunga mkono wapigania uhuru wa Msumbiji na kwingineko. Jarida lao likaitwa Cheche, jina tamu la Kiswahili. Lakini makala yake mashuhuri kupita yote, ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka, ya mwaka 1970, iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka huohuo chama na jarida vikapigwa marufuku. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyowaponza. Nasema tu kwamba wafanyakazi na wakulima, ambao ndio waliotetewa, walielewa jina la jarida na wasielewe yaliyomo.

Kinyume chake, nikumbushe mwaka 2004 mjini Addis Ababa. Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyeijua Tanzania tangu siku za harakati za FRELIMO, aliuhutubia mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, wakalimani wasijue la kufanya. Mwaka 2022 umoja huo ukakipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Rais wa nchi inayotumia Kireno aliona inafaa. Mwanafunzi wa Tanzania aogope nini?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Vyama hivi viandike katika katiba zao kwamba mgombea ana haki ya kunadi sera kwa Kiswahili, na kwamba nakala ya Kiswahili ya sera hizo ibaki katika kumbukumbu za chama. Midahalo ya wagombea iruhusu maswali kwa Kiswahili na idai majibu kwa Kiswahili. Na sisi malenga tuache kungoja kualikwa. Kila mmoja wetu amtafute mgombea mmoja mtaani kwake, akae naye saa moja, aipitie karatasi yake neno kwa neno. Ahadi isiyosemeka kwa Kiswahili ifutwe kabla haijamfikia mpiga kura.