MDOMO WA PILI SI HEWA YA PILI



Sisi wa reli twajua maana ya akiba. Treni ina breki ya hewa, na juu yake ziko breki za mkono. Basi tuwaulizie wenzetu wapiga mbizi, wafanyao kazi chini ya bahari: wao akiba yao ni ipi?

Mpiga mbizi hubeba mtungi wa hewa mgongoni. Juu ya mtungi pana kifaa cha kupunguza nguvu ya hewa, na mpira wa kuipeleka mdomoni. Siku hizi huongezwa mpira wa pili wenye mdomo wake. Mabwana wenye kazi huuonyesha mdomo huo na kusema, "Huyu ana akiba." Sisi twasema hana. Midomo yote miwili hunywa katika mtungi mmoja kwa kifaa kimoja. Hewa ikiisha, yote miwili ni mikavu.

Ufaransa wameona nusu ya jambo hili. Sheria yao ya michezo yamtaka kiongozi wa wapiga mbizi awe na koki mbili na vifaa viwili kamili. Kimoja kikiharibika, cha pili kipo. Lakini mtungi waweza kuwa mmoja tu.

Marekani walikwenda mbele. Kanuni zao za mwaka 1977 zaagiza kila afanyaye kazi ya kuzamia na mtungi apewe hewa ya akiba: ama mtungi wa pambeni, ama koki ya akiba ya mkono. Na akiba hiyo ifungwe kabla ya kushuka, isiliwe njiani. Vizuri sana. Lakini kanuni hizo hizo zamwacha nje mwalimu afundishaye kuzamia kwa mtungi wa hewa ya kawaida. Je, mwalimu hali mshahara? Mapafu yake ni ya namna nyingine?

Watasema, "Mwenzake atamsaidia." Mwenzake ni nani? Ni mgeni aliyejifunza juzi, naye ndiye anayelindwa!

Faida ya akiba si hadithi. Mwaka 2012, katika Bahari ya Kaskazini, mpira wa hewa wa Chris Lemons ulikatika akiwa chini karibu meta 90. Alifungua mtungi wa akiba. Ulikuwa na hewa ya dakika chache tu, lakini kwa dakika hizo alirudi mahali pake pa kazi gizani, na hapo ndipo walipomkuta, akaokoka.

Pwani yetu, Watamu hata Diani, wako vijana waongozao watalii chini ya maji kwa mshahara. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa mwajiri kulinda mfanyakazi wake. Basi twadai: kila azamiaye kwa mshahara, fundi au mwalimu, apewe mtungi wa pili wenye kifaa chake, kwa gharama ya mwajiri.

Wasiseme ni ghali. Mtungi hununuliwa dukani, mtu hanunuliwi.

Umoja ni nguvu.