Tetini mu kinywa, baba mu kitanda

Kila mwenye kuishi mu kambi ya wafanyakazi anajua ile sauti. Saa tisa ya usiku, mutoto mudogo wa jirani analia, na kati ya nyumba na nyumba kuko ukuta wa tofali moja tu. Baba ametoka ku kazi amechoka, anajifunika kichwa na blanketi. Kesho yake anapita ku farmasi, ananunua tetini, ile chuchu ya mpira. Anamupatia bibi yake: « Haya, umuwekee hii, anyamaze. »

Mimi pia nilikuwa ule baba. Mutoto wetu wa tatu, wakati alikuwa na miezi miwili, kila mara akimaliza kunyonya anarudisha maziwa, mara kwa kinywa, mara kwa pua, anakunja mugongo kama upinde, analia. Mama mukwe akasema maziwa ya mama imeharibika. Jirani akasema: « Mumupige lavema, tumbo lisafishwe. » Mimi nikasema tetini. Watu watatu wenye akili, na hakuna hata mumoja aliyesema twende kuuliza munganga.

Munganga, tulipofika kwake, hakushangaa. Pale chakula kinaingia mu tumbo kuko kama mulango wa nyama, unafunguka chakula kipite, kisha unajifunga. Kwa mutoto mudogo huo mulango haujapata nguvu. Tena chakula chake ni maji-maji, na saa nyingi amelala tu. Basi maziwa inapanda, pamoja na asidi ya tumbo yenye kuchoma koo. Njo wanaita reflu. Kwa watoto wengi inazidi karibu na mwezi wa ine, kisha inapungua wakati mutoto anaanza kukaa na kusimama. Kwa wengi inakwisha karibu na mwaka moja. Kama mutoto anacheua lakini anacheka, ananyonya vizuri, na kilo yake inapanda kila mwezi ku CPS, huyo si mugonjwa. Anachafua vitenge tu.

Sasa tetini: inasaidia ao haisaidii? Inasaidia kidogo, na sitaki mama atukanwe juu yake. Mutoto akinyonya kitu, mate inajaa mu kinywa, anaimeza, anaimeza tena. Kila kumeza kunarudisha asidi chini, na mate yenyewe inapunguza ukali wake. Ku Marekani waganga wa watoto wanashauri hata kumupatia mutoto tetini wakati wa kulala, kwani inapunguza hatari ya kufa gafula mu usingizi. OMS na UNICEF walikataza tetini kwa mutoto mwenye kunyonya ziwa, mu masharti yao kumi ya maternité ya mwaka 1989. Mu 2018 walilegeza: wanataka mama aelezwe matumizi yake na hatari yake, kisha ajiamulie.

Lakini tetini haiponyeshi reflu. Maziwa itaendelea kupanda. Na pale njo tunajidanganya, juu tetini inanyamazisha wote: mwenye reflu, mwenye njaa, na mwenye homa yenye kuanza. Mutoto mwenye kushinda na mpira mu kinywa ananyonya ziwa kidogo, na ziwa lenye kunyonywa kidogo linatoa kidogo. Kisha mama anasema « maziwa yangu imekwisha », wananunua maziwa ya kopo, na kwa kuwa kopo ni bei, wanaikoroga na maji mingi ili ifike tarehe ya mushahara. Nimeona hiyo mu nyumba zaidi ya moja. Mutoto anakonda, na bado anacheua. Kwa hiyo ungoje kwanza mwezi moja upite, kunyonya kuzoeleke, ndipo ufikirie tetini.

Kuko tena neno lingine, na hili ni letu siye watu wa migodi: vumbi. Kule Kasulo, mu Kolwezi, watu waligundua madini chini ya nyumba zao mu 2014, wakaanza kuchimba mu mapango yao. Wataalamu wa Université de Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa pale, na mu 2018 walitangaza matokeo: kobalti mu mukojo na mu damu ilikuwa mingi sana kupita ya watu wa mutaa wa karibu, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mutoto anaishi karibu na chini, na kila kitu anapeleka mu kinywa.

Sasa hesabu: tetini inaanguka mara ngapi kwa siku? Tunaiokota, tunaipangusa ku kitenge, tunairudisha. Ao baba anaingia na salopeti ya kazi, anamubeba mutoto mbele ya kunawa, na tetini anaitia mu mufuko wake, kule alitia vifaa vyake. Siku nilijiona mwenyewe ninafanya hivyo, nilikaa ku kiti nikanyamaza.

Kama umeamua kununua, nunua mbili, za kipande kimoja, zenye sahani pana isiyoweza kuingia mu kinywa. Kila siku uzichemshe dakika tano mu sufuria, uziweke mu chombo chenye kifuniko. Usiifunge na kamba ku shingo ya mutoto, inaweza kumukaba. Usiichovye mu sukari. Mu asali hata kidogo: mbele ya mwaka moja asali inaweza kuleta sumu yenye kulegeza mwili na kuziba pumzi. Makala iko bei, ninajua, na maji ya robinet haifiki kila siku. Basi uache tetini. Kidole kidogo cha mama, kilichonawishwa na sabuni, mutoto atakinyonya na atatulia vilevile.

Tena lavema, sitaki kuizungusha: kwa mutoto mudogo ni hatari, na reflu haiko kule chini. Uji mbele ya miezi sita, hapana. Kumulaza kwa tumbo ili asipaliwe, hapana pia. Mutoto alale chali, hata mwenye kucheua, kwani akilala chali njia ya pumzi inakaa juu ya njia ya chakula. Na kama anatapika rangi ya majani ao damu, kama maziwa inaruka mbali kwa nguvu kila mara, kama anakataa ziwa, ana homa, hakojoi, ao kilo haipandi, hapo musizungumuze tetini. Mupelekeni hospitali siku ile ile.

Chenye kusaidia kweli hakiuzwi ku farmasi. Kumunyonyesha kidogo-kidogo lakini mara nyingi, kumutosha hewa, kisha kumusimamisha ku bega nusu saa. Nusu saa ile, mara sita ao nane kwa siku na usiku: nani ataifanya? Wababa wenzangu, tunajibu haraka kwamba siye tuko na kazi. Ni kweli, na mwenye kuendesha kamyo ya mgodi bila kulala anaweza kuua watu, sitachekea hilo. Lakini mama anafanya posti zote tatu, ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na hakuna mwenye kuja kumupokea. Mimi nilichukua nusu saa moja tu, ile ya kisha kula mangaribi: nilikuwa nimenawa, nimevaa nguo ya nyumba, mutoto ku kifua. Mama yake alikuwa anasinzia papo hapo ku kiti. Jirani walicheka wiki ya kwanza.

Nina ombi moja kwa wakubwa wa makampuni. Kila asubuhi mbele ya kazi munatusemea kofia, boti na mukaba. Ni vizuri. Muongeze dakika tano: namna ya kuacha salopeti ku kazi, na kunawa mbele ya kugusa mutoto. Mutupatie bafu yenye maji, na mahali pa kufulia nguo za kazi, ili vumbi isifike ku nyumba. Na CPS ifanyike hata siku moja ya posho mangaribi, wakati baba yuko huru. Kule munganga atakuwa anasema na watu wawili, si na mama peke yake.