Picha ya Chuo na Amri ya Nane: Nani Anasimulia Habari Zetu?



Hivi karibuni, tukiwa safarini kutoka bandari ya Mkoani kuelekea Chake Chake, tulipumzika kwa muda pale Mtambile, katika nyumba ya familia moja ya waamini ambayo utumishi wa umma umeileta Pemba kutoka Tanzania Bara. Kijana wao, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, alikuwa nyumbani kwa likizo. Baada ya chai alituonyesha simu yake, uso umemkunjamana. Alikuwa ameweka picha ya jengo kuu la chuo chake katika makala ya Wikipedia ya Kiswahili, na baada ya siku chache picha ile ikafutwa. “Baba, nilitaka kukisaidia chuo tu,” alisema. “Kwa nini waondoe picha nzuri na kuiacha makala tupu?”

Tulipomwuliza picha ile aliipata wapi, alijibu bila kuficha kwamba aliichukua katika tovuti ya chuo. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza, na yalitufikisha mbali kuliko tulivyotarajia. Tumeona vema kuwashirikisha waamini tafakari hii, kwa kuwa jambo linaloonekana kuwa mchezo wa vijana na simu zao linagusa amri mbili za Mungu, linagusa heshima ya jamii zetu, na hapa visiwani linagusa pia ujirani wetu na ndugu zetu Waislamu.

Tuanze na jambo lenyewe. Wikipedia ni kamusi elezo huru iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001. Toleo lake la Kiswahili lilifuata mwaka 2003. Makala zake huandikwa na watu wa kujitolea, nao huzisahihisha wao kwa wao. Picha zake nyingi hutoka katika ghala la pamoja liitwalo Wikimedia Commons, lililofunguliwa mwaka 2004 na ambalo sasa lina mafaili zaidi ya milioni 100. Mtu akiuliza habari za chuo fulani katika mtandao, mara nyingi makala hii ndiyo humtangulia. Na siku hizi programu za akili unde, ambazo vijana wetu huziuliza karibu kila kitu, nazo zimefunzwa kwa sehemu kwa maandishi ya kamusi elezo hiyo. Kilichoandikwa vibaya humo husambaa, na kisichoandikwa kabisa huwa kana kwamba hakipo duniani.

Sasa tumfikirie mzazi wa Pemba. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, na matokeo yameruhusu. Mzazi huyu ameuza karafuu, pengine amekopa, ili mtoto avuke bahari kwenda kusoma Unguja, Dar es Salaam au Mwanza, mahali ambapo mzazi mwenyewe hajapata kufika. Anataka kujua chuo hicho kikoje: kina maktaba ya namna gani, mabweni yako wapi, jengo ni la kudumu au ni ukumbi uliokodiwa juu ya maduka. Vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani vimepigwa picha kila pembe. Kwa vyuo vyetu vingi, mzazi huyu atakuta mistari michache isiyo na picha, au atakuta tangazo. Picha moja ya kweli, yenye tarehe na mahali, ingempa mwanga ambao kijitabu cha matangazo hakitampa.

Na si vyuo tu. Makala nyingi za shehia za Pemba katika kamusi elezo hiyo ni fupi mno: jina, wilaya, mkoa na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Msomaji hatajua kwamba barabara hupita katikati ya mikarafuu, wala kwamba msimu wa mavuno harufu ya karafuu zilizoanikwa humpokea mgeni kabla ya wenyeji. Wenye kuyajua hayo ni wakazi. Wasipoyasema wao, yatasemwa na mtu wa mbali kwa kubahatisha, au hayatasemwa kamwe.

Ipo sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi. Majengo hayadumu. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, moto uliteketeza jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, lililokuwa limesimama tangu mwaka 1941 na ambalo vizazi vya wasomi wa Afrika Mashariki walilijua. Miezi mitatu baadaye, siku ya Noeli, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 pale Mji Mkongwe, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Wengi wetu tulikuwa tumepita mbele ya jumba hilo mara nyingi bila kulitazama sawasawa. Kanisa Kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, miongoni mwa vitu vilivyowasaidia mafundi kulirudishia sura yake ni vipimo na picha alizozikusanya miaka kadhaa kabla mwanahistoria Andrew Tallon, aliyekwisha kufariki dunia moto ulipozuka. Alifanya kazi yake bila kujua itahitajika lini. Anayepiga picha ya jengo leo kwa uaminifu huwawekea akiba watu asiowajua.

Tanzania inaufahamu uzito wa picha ya jengo la chuo. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwekwa katika noti ya shilingi 500, ambayo upande wake wa pili ilikuwa na sura ya Mzee Abeid Amani Karume. Noti ile ilipita mikononi mwa wachuuzi na wavuvi ambao hawakupata kukanyaga Mlimani, nao wakaujua ukumbi ule.

Turudi kwa kijana wa Mtambile na picha yake iliyofutwa. Hakuonewa. Ghala lile la picha lina sharti moja la msingi: mwenye picha awe amekubali kwa hiari kwamba mtu yeyote aweza kuitumia, hata kwa biashara, alimradi amtaje aliyeipiga. Picha iliyo katika tovuti ya chuo ina mwenyewe. Kwamba inaonekana na kila mtu haina maana kwamba ni ya kila mtu, kama vile embe linaloning'inia juu ya njia halijawa mali ya wapita njia. Tanzania tunazo sheria mbili za hakimiliki, ya Bara ya mwaka 1999 na ya Zanzibar ya mwaka 2003, na kabla ya sheria hizo ipo amri ya saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kwamba amri hiyo inakataza kuchukua au kushikilia isivyo haki mali ya jirani kwa namna yoyote. Vijana wetu wengi hawajaambiwa kamwe kwamba picha na maandishi ya mtu mwingine ni jasho lake. Kosa hilo wamelirithi kwetu sisi wakubwa: mara ngapi tumepamba vipeperushi vya jumuiya kwa picha tulizookota mtandaoni bila kumwomba mtu?

Sharti hilo lina upande wake wa pili, ambao ni wa kiinjili kabisa. Anayeweka picha yake mwenyewe huitoa bure na hadai kitu. Mwalimu wa shule ya sekondari ataichapa katika zoezi lake, mwandishi ataitumia gazetini, na aliyeitoa hatapata senti. Tumepewa bure, tutoe bure. Tunaona hapa shule ndogo ya ukarimu kwa kizazi ambacho kila siku kinaambiwa kwamba kila picha lazima ilete wafuasi au fedha.

Amri ya nane ndiyo kiini cha tafakari yetu. Picha ni ushahidi, na ushahidi waweza kuwa wa uongo hata bila kusema neno. Mpiga picha akichagua ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya na kuacha tatu zilizochakaa, akafuta nguzo ya umeme, kisha akaandika kwamba hiki ndicho chuo, amemshuhudia jirani yake uongo. Kanuni za kamusi elezo zinadai makala ziwe na msimamo usioegemea upande na zitaje vyanzo vinavyoweza kuthibitishwa, zinakataa matangazo. Hapa taasisi zetu, zikiwemo za Kanisa, hujaribiwa. Kiongozi wa taasisi angependa makala isomeke kama hotuba ya mahafali. Lakini mzazi yule wa Pemba anahitaji ukweli kuliko sifa.

Jaribu hilo limekua tangu programu za akili unde zianze kutengeneza picha za majengo ambayo hayajawahi kujengwa popote. Katika hati Antiqua et Nova ya tarehe 28 Januari 2025, Kanisa limetahadharisha kuhusu picha na maandishi ya kughushi yanayoweza kudhoofisha misingi ya kuaminiana katika jamii. Tahadhari hiyo si ya Ulaya peke yake. Chuo kisicho na maabara chaweza leo kuonyesha maabara inayong'aa, na mzazi akalipa ada ya kwanza kabla ya kugundua. Kijana aliyesimama juani mbele ya jengo halisi, akabonyeza simu yake, akaandika tarehe na mahali, amefanya kazi ya kinabii kwa kiasi chake.

Tunajua pia kwamba kamera yaweza kuumiza. Hapa Pemba sisi Wakatoliki ni wachache, na adabu ya kisiwa tunaifahamu. Mabinti wanaotoka darasani wana haki ya kutowekwa mbele ya macho ya dunia bila ridhaa yao. Heri kusubiri wapite, au kuja siku ya mapumziko. Mlinzi wa lango akiuliza unapiga picha ya nini, anatimiza wajibu wake. Mwambie kwa upole, mwonyeshe makala, na ukikatazwa ondoka. Anayehitaji kupiga picha ndani ya eneo la chuo aende kwanza ofisini kuomba ruhusa. Salamu iliyotangulia hufungua milango mingi visiwani.

Kuna jambo la ndani zaidi. Elimu ya juu ya Zanzibar imejengwa na mikono mingi. Serikali iliunda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kwa sheria ya mwaka 1999, na Pemba kina kampasi Mchangamdogo. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu na kile cha Al-Sumait cha Chukwani vina mizizi ya Kiislamu. Hicho cha pili kimebeba jina la Dkt. Abdul Rahman Al-Sumait, tabibu wa Kuwait aliyetumia miaka mingi kuwahudumia maskini wa Afrika. Kanisa kwa upande wake lina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Mwanza, chenye mizizi katika taasisi iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous wa Wamisionari wa Afrika. Je, kijana Mkatoliki atavipiga picha vyuo vya jirani zake kwa uangalifu uleule anaoutumia kwa chuo cha Kanisa? Je, ataandika historia yao kwa haki? Tamko Nostra Aetate la mwaka 1965 liliwahimiza Wakristo na Waislamu kusahau magomvi ya zamani na kutafuta kuelewana kwa dhati. Kuelewana hakuji kwa makongamano peke yake. Makala iliyoandikwa kwa unyofu kuhusu chuo cha jirani, naye akaisoma na kusema “hivi ndivyo tulivyo”, ni hatua ya kweli.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Wanachama wa TMCS walioko vyuoni, na vijana wa parokia wanaorudi likizo, wachague jengo moja tu kila mmoja. Waombe ruhusa, wapige picha wenyewe, waandike jina sahihi la jengo, mahali na siku. Kisha waongeze katika makala sentensi mbili tatu zenye chanzo cha kuaminika. Wasitafute sifa ya Kanisa wala ya chama. Wakikosolewa na wahariri wengine, wapokee kwa unyenyekevu, maana kusahihishwa hadharani ni zoezi la roho ambalo wengi wetu, mapadre tukiwemo, tunalihitaji.

Kabla hatujaondoka Mtambile tulimshauri kijana yule arudie kazi yake kwa njia iliyo halali. Chuo kilipofunguliwa alitutumia picha mpya. Haikuwa nzuri kama ile iliyofutwa: kona ya paa imekatika, ukuta una doa la maji ya mvua, na kivuli cha mwarobaini kimeanguka juu ya ngazi. Chini yake ameandika jina la jengo, tarehe, na neno moja tu la maelezo ya umiliki: yangu. Mpaka tunapoandika, picha hiyo ipo.

Mwenyezi Mungu awajalie vijana wetu macho yanayoupenda ukweli, na sisi wazazi na wachungaji wao atujalie kuwa wa kwanza kuushuhudia.