Swali Si Uasi

Wako walezi wa imani wanaofundisha kwamba mashaka ni dhambi na swali ni mlango wa uasi. Kijana akiuliza kwa nini mtoto asiye na kosa hufa kwa maradhi, ilhali Mungu ni mwema, huambiwa, "Usiulize, amini tu." Kwa maneno hayo kinywa chake hufungwa, lakini moyo haufungiki. Swali lililofukuzwa kanisani halifi. Huenda kutafuta jibu kwingine.

Fundisho hilo nalipinga, na shahidi wangu wa kwanza ni Biblia yenyewe. Ayubu alipopotewa na mali, watoto na afya, alimhoji Mungu kwa uchungu mkubwa. Rafiki zake walimkemea, wakajifanya mawakili wa Mungu. Mwisho wa kisa, waliokasirikiwa na Mungu ni mawakili hao, na Ayubu ndiye aliyehesabiwa kuwa amenena sawa. Watu wa Beroya nao walisifiwa kwa kuwa walichunguza Maandiko kila siku, wapate kujua kama mahubiri ya Paulo yalikuwa kweli. Ikiwa mtume alichunguzwa, ni mhubiri gani leo asiyepaswa kuchunguzwa?

Tomaso hutajwa kwa kuchekwa. Wanaomcheka husahau kwamba siku nane baada ya kukataa kusadiki, alikuwa angali pamoja na wenzake; hawakumfukuza. Bwana alipokuja hakumlaani, bali alimwonyesha majeraha yake. Ni kweli kwamba aliwasifu wasioona wakasadiki. Lakini aliwasifu baada ya kumjibu Tomaso, si badala ya kumjibu.

Hasara ya imani isiyoulizwa twaijua hapa kwetu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu ambayo hatimaye ilizidi 400, watoto wengi wakiwamo. Wengi wao walikufa kwa njaa, katika kundi lililoamini kwamba kufunga chakula hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Watu wazima wa kundi lile walikuwa na imani tele. Walichokosa ni uhuru wa kumkabili mwalimu wao na kumwuliza, "Neno hili limeandikwa wapi?" Swali hilo moja lingeweza kuokoa roho nyingi kuliko utii wote ule.

Husemwa kwamba maswali yakiachiwa huru, vijana watapotea. Naam, wako wanaouliza kwa dhihaka wala hawangoji jibu. Lakini mkulima hachomi shamba zima kwa ajili ya magugu machache. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba si ukafiri pia.

Basi, enyi vijana, ulizeni kwa adabu, na jibu mlisikilize kwa subira, hata likiwa chungu. Nanyi wachungaji na walimu, mkiulizwa msilolijua, semeni hamlijui. Heshima yenu haitapungua kwa hilo. Nyumba iliyojengwa imara haiogopi mtu agongaye ukuta wake. Anayekataza ukuta usigongwe ni yule ajuaye kwamba aliujenga kwa mchanga mtupu.