BAHARI IKIGEUKA KIJANI, TUSIISINGIZIE QADAR



Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu katika imani, nimetumiwa video ya ufukwe wa ng'ambo uliofunikwa wote na mwani wa kijani, mchanga hauonekani. Aliyenitumia ameandika: "Sheikh, hii si adhabu? Tuombe dua tu." Nikamjibu: dua tuombe, lakini hiyo "tu" siikubali.

Mwani ni neema. Mama zetu wa Paje na Jambiani wamesomesha watoto kwa kulima mwani, ingawa wao wanalima aina nyingine. Balaa huja pale mwani wa kijani unapozidi kipimo, nao hauzidi bila sababu. Mbolea ya mashambani, samadi ya mifugo na maji ya vyooni yana naitrojeni. Mvua huyasomba hadi mitoni, na mito huyamwaga kwenye ghuba yenye maji mafupi na jua kali. Hapo mwani unalishwa kama shamba. Ukishakufa unaoza, unamaliza hewa ya oksijeni majini, samaki wanakosa pumzi. Ukirundikana ufukweni hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo inaua.

Haya yametokea. Kule Bretagne, Ufaransa, wanahangaika nayo tangu miaka ya 1970. Mwaka 2009, katika ufukwe wa Saint-Michel-en-Grève, farasi alikufa kwenye mwani uliooza, na aliyempanda akazimia, akaokolewa.

Najua sasa kuna atakayesema: "Bretagne si ndiko wanakofuga nguruwe wengi? Basi ndiyo sababu!" Ni kweli, zaidi ya nusu ya nguruwe wa Ufaransa wanafugwa huko, na samadi yao imo katika tatizo. Lakini usifurahi haraka, ndugu yangu. Naitrojeni haiulizi imetoka kwa nguruwe, kwa ng'ombe wa halali, au chooni kwako wewe unayeswali swala tano. Na Qingdao, China, mwaka 2008, kabla ya mashindano ya mashua ya Olimpiki, watu waliondoa mwani zaidi ya tani milioni 1. Chanzo kilionekana kuwa kusini, Jiangsu: mwani wa kijani ulioota kwenye kamba za mashamba ya mwani wa kuliwa, ukang'olewa, ukaelea, ukanenepa kwa maji yenye mbolea.

Naam, kila kitu ni kwa qadar ya Allah. Lakini mtu akimwaga mafuta njiani, mwenzake akateleza akavunjika mguu, tutasema ni qadar tukanyamaza? Surat Ar-Rum, aya ya 41, inatufundisha kuwa uharibifu wa bara na bahari unatokana na matendo ya watu, ili watu warejee. Kurejea ni kuacha kitendo chenyewe.

Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Mkojo wa mtu mmoja! Vipi vyoo vya mji mzima? Mji wetu Mkongwe, Unguja, umemwaga maji taka baharini miaka mingi bila kuyasafisha. Tunatia udhu kwa uangalifu, kisha maji machafu tunampelekea mvuvi.

Mambo matatu ya kushika:

1. Hii ni haki ya waja. Anayechafua yuko juu ya mto, anayeumia yuko pwani. Istighfari peke yake haitoshi. Toba ya dhulma ina sharti la kumrudishia aliyedhulumiwa haki yake.

2. Anza kwako. Usiunganishe karo ya choo na mtaro wa mvua. Mkulima, tia mbolea kwa kipimo. Inayozidi ni israfu, na inaishia baharini.

3. Maimamu na viongozi wa mitaa, lisemeni hili kwenye khutba na kwenye vikao. Kudai mji ujengewe mtambo wa kusafisha maji taka ni kuamrisha mema.

Ewe Mola, tujaalie tuwe walinzi wa amana yako, wala usitufanye sababu ya madhara kwa waja wako. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.