Kihispania hakijadondosha kitu

Wengi wetu tunajifunza Kihispania kwa kupitia Kifaransa, na matatizo yanaanzia hapo. Tunaambiwa kwamba Kihispania «hudondosha» kiwakilishi cha kiima: badala ya yo hablo, watu husema hablo tu. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kuna neno lililotolewa, na kwa kuogopa kukosea analirudisha: yo hablo, yo vivo, yo estudio. Kila sentensi «mimi», kama mtu anayegombea ubunge.

Kifaransa kinahitaji kiwakilishi kwa sababu je parle, tu parles na il parle, kitenzi chake kinasikika kilekile. Katika hablo, hablas, habla, mwisho wa kitenzi unatosha. Na sisi je? Anayesema ninasoma hajadondosha «mimi». Nafsi imo ndani ya ni-. Msemaji wa Lingala akisema nayebi, habari imekamilika. Tukisema «mimi ninasoma, wewe unacheza», tunatofautisha watu wawili, na yo estudio, tú juegas hufanya kazi hiyohiyo.

Kuna atakayenijibu kwa hablaba, ambayo inaweza kuwa mimi, yeye, hata usted. Ni kweli, na hapa ni- na a- hazitusaidii, kwa kuwa nilikuwa ninasema na alikuwa anasema hazichanganyiki. Lakini Kiswahili sanifu kina hu-. Husema: nani? (Huku kwetu wengi tunasema anasemaka, na swali linakwisha.) Soma hivi: «Mama ni mkulima. Huamka alfajiri, hulima, hurudi jioni.» Hakuna anayeuliza ni nani anayerudi. Tumemshika mama katika sentensi ya kwanza, tunakwenda naye mpaka atajwe mwingine. Mhispania naye hushika hivyo mtu wa hablaba. Watu wawili wakigongana ndipo anapotaja él au ella.

Ninawaomba walimu wetu waanzishe somo hili kwa Kiswahili, Lingala au Tshiluba, na Kifaransa kiletwe baadaye, kama lugha yenye tabia ya peke yake. Kinachohitajika ni saa moja na ubao. Na kwenye mtihani, swali la «rudisha kiwakilishi kilichodondoshwa» lifutwe. Tuulizwe: nani anasema hapa, na umemjuaje?